Mrejesho: mgeni wetu amechagua Kiswahili

Assalaam aleikum. Niliuliza kuhusu mwanafunzi wa Marekani anayekaa kwetu likizo hii: asome Kiswahili SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), au afanye utafiti wa mwani na Taasisi ya Sayansi za Bahari, Buyu? Mlinijibu aulize kwanza chuo chake kinatambua krediti zipi. Ahsanteni sana, hilo ndilo lililoamua. Kiswahili kinahesabiwa kwenye shahada yake. Utafiti wangeupokea bila alama.

Mwani hakuuacha, lakini. Wakati wa bamvua, maji yakitoka, anakwenda Paje na wifi yangu kuwasikiliza kina mama wanaofunga mbegu kwenye kamba. Nimefurahi mno, maana Kiswahili cha darasani anakikuta kazini.

Kwa aliyependekeza mgeni afanye utafiti kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani: utafiti unataka kibali, na muda wa mgeni kukaa hapa ni mfupi.