Kigoma mwaloni: mzigo unashikwa rehani mpaka utoe hela ya chai. Huu ni utaratibu wa nani?

Wakuu, salaam. Mods, naomba msiuhamishie uzi huu kule kwenye utalii, maana utazama katikati ya picha za sokwe wa Gombe. Naongelea mizigo, na naandika nikiwa na hasira zangu, kwa hiyo mtanivumilia.

Hapa Kigoma, ukitaka kumpandisha mzazi wako boti ya kwenda kusini mwa Ziwa Tanganyika, hafiki kwenye kiti kabla hamjakamuliwa na vijana wa kubeba mizigo watatu wanne ambao hamkuwaita. Mwalo wenyewe (pale ufukweni boti zinapopakia) siutaji, wenyeji mtaujua. Boti nayo siitaji, kwa sababu mwenye boti ukimuuliza anakwambia wale vijana si watu wake, na kweli si watu wake. Uongozi wa mwalo ukiuuliza, nao wanasema hivyo hivyo. Sasa kama si wa mtu, ile mizigo yetu wanaishika kwa ruhusa ya nani?

Nilikuwa namsindikiza mama mkubwa anarudi kwake Kalya. Ana begi kubwa moja, kiroba cha mchele na dumu la mawese la lita 20. Bajaji haijazima injini, mkono umeshaingia ndani na kuvuta begi. Wa pili kabeba kiroba, wa tatu dumu. Nikasema jamani ngojeni, bei gani? Jibu: "Twende tu dada, tutaelewana." Mtu akikwambia tutaelewana huku anakimbia na begi lako, utamfuata tu. Nikafuata, mama mkubwa nyuma yangu na fimbo yake kwenye mchanga.

Kufika kwenye ubao wa kupandia, ndiyo maelewano yakaanza. Elfu tano kila mmoja. Hiyo ni ya kubeba. Kuna na elfu mbili ya "mpangaji", jamaa aliyekaa ndani ya boti anayeamua mzigo wako ukae wapi. Nikasema hapana, kutoka barabarani mpaka hapa hata dakika tatu hazifiki, nawapa buku mbili mbili. Wa begi akanuna ila akashusha. Wa dumu akagoma kabisa. Kasimama katikati ya ubao, dumu begani, watu nyuma yake wanapiga kelele wapite, na yeye ananitazama tu: "Dada, usitufanyie hivyo, tunaachaje kupata na ya chai?" Mama mkubwa aibu ikamshika, akaanza kufungua fundo la khanga lenye hela yake ya dawa. Hapo nikaishiwa nguvu. Nikatoa msimbazi (elfu kumi) na buku tano juu yake. Mnajua yule wa dumu alisema nini baada ya kupokea? "Na ya soda je?"

Begi lenye dawa za presha za mama mkubwa mpangaji akalitupia chini kabisa, juu yake magunia ya unga. Hiyo ndiyo kazi ya elfu mbili. Safari nzima hakupata dawa mpaka walipofika.

Nikamweleza dada yangu mtoto wa baba mdogo, yuko Marekani na mwaka jana alipanda meli ya kitalii pale Miami. Nilitegemea anihurumie, akacheka. Akasema kule nako watu wa mizigo wanapewa kitu, tena ni desturi kabisa. Sasa wale mtakaokuja kuniambia "bandari zote duniani ndivyo zilivyo", someni hapa vizuri kwa sababu sivyo.

Kule unashuka kwenye gari, mchukuzi anakuja na toroli lake. Begi kubwa tayari lina lebo uliyoichapisha nyumbani, ina jina lako na namba ya chumba chako melini. Unampa begi, anapakia, na desturi ni dola moja au mbili kwa kila begi, begi zito unaongeza. Unatoa pale pale kwa sababu hamtaonana tena. Begi linapita kwenye mashine ya ukaguzi, linaingia melini, na baadaye unalikuta mlangoni mwa chumba chako, wakati mwingine jioni kabisa. Ndiyo maana wanawaambia wasafiri wasiweke dawa wala pasi ya kusafiria kwenye begi la kukabidhi, vibaki kwenye kibegi cha mkononi. (Hili la dawa nimelichukua, mama mkubwa nimeshamshonea kimfuko.)

Usipotoa je? Begi linaenda tu. Yule mchukuzi kwenye bandari nyingi za kule ni mfanyakazi wa bandari, ana mshahara wake na chama chake cha wafanyakazi. Ya mkononi inakuja juu ya mshahara. Hata huko wapo wanaolalamika kwamba mkono unanyooshwa mapema mno na sura inabadilika ukitoa sarafu. Sawa, sura ibadilike. Sura haijawahi kumzuia mtu kupanda meli.

Na kuna kitu kingine alichonieleza ambacho kinawachanganya hata Wamarekani wenyewe. Ndani ya meli kampuni nyingi kubwa zinakata bakshishi ya kila siku moja kwa moja kwenye akaunti yako, kati ya dola 15 na 20 hivi kwa mtu kwa siku. Hiyo ni ya wanaosafisha chumba na wanaohudumia mezani. Mchukuzi wa gatini hayumo. Kwa hiyo abiria anayesema "nimeshalipa bakshishi zote" akampita yule wa toroli bila kitu, anakosea hesabu. Ila ona: hata hilo la kukatwa limeandikwa. Unajua kabla hujapanda. Hakuna mtu anayekushtukiza na "ya mpangaji" ukiwa umesimama kwenye ubao.

Tuache Marekani, maana najua atakuja mtu hapa kuniambia nihamie huko. Twende Kilimanjaro. Pale mzigo wa mpagazi unapimwa kwenye mizani getini, mwisho kilo 20. Bakshishi ya kikosi cha mlimani watalii wanaambiwa mapema na kampuni zao, wanajiandaa, na inatolewa mwishoni wakishashuka. Sisemi wapagazi wa mlimani wanalipwa vizuri, vita vyao vya ujira ni vya miaka mingi. Nasema kuna mizani na kuna mpangilio. Iweje mlimani iwezekane, ufukweni ishindikane?

Na mtu asiniambie sisi watu wa magharibi hatujui mambo haya. Kazi ya kubeba mizigo nchi hii imekulia huku kwetu. Karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kupita Tabora mpaka pwani, mzigo kama wa frasila mbili mtu mmoja, yaani zaidi ya kilo 30. Watu wale walijua kupatana. Ujira unazungumzwa kabla ya safari, posho ya njiani nayo inazungumzwa, na ukiwapunja wanautua mzigo na kukuachia porini. Na meli ya Liemba yenyewe ililetwa Kigoma vipande vipande ndani ya masanduku kwa reli, ikaunganishwa hapa hapa, ikashushwa majini 1915. Meli nzima! Leo dumu moja la mawese linakuwa mgogoro.

Sasa kabla hamjaniita mbahili. Mwalo huo huo kuna mzee mmoja, nguo zimelowa mpaka kiunoni, anavusha watu wakati maji yamejaa na ubao haufiki. Anakubeba mgongoni. Alimwambia mama mkubwa: "Shikamoo mama, kukuvusha ni buku, ukiwa na kibegi unaongeza jero." Bei kaitaja kabla hajainama. Kambeba taratibu, kamuweka kwenye ukingo wa boti, kamuokotea kandambili iliyoanguka majini, akaisuuza, akamvisha. Mama mkubwa mwenyewe akaniambia mpe buku tatu, nikampa, na ningekuwa na zaidi ningempa. Hakuomba chai. Wale watatu wanapita pembeni yake kila siku, sijui hawaoni.

Tena najua maisha ya wale vijana. Hawana mshahara, boti isipokuja siku hiyo hawali, mgongo ukiuma hakuna bima. Mmoja nilikaa naye baadaye nikamnunulia maji, akaniambia asubuhi kuna mtu wanampa hela ili waruhusiwe kusimama pale. Nikamuuliza ni nani, akatazama pembeni. Kwa hiyo ile elfu tano yangu ina safari ndefu kuliko ya mama mkubwa. Kijana anajua akiondoka mikono mitupu kesho hana nafasi, ndiyo maana analing'ang'ania dumu. Hasira yangu kubwa iko kwa huyo wa asubuhi, ambaye habebi hata mfuko wa nyanya.

Ninachotaka si kikubwa. Bango, basi. Begi shilingi ngapi, gunia shilingi ngapi, dumu shilingi ngapi, kuanzia barabarani mpaka ndani ya boti, mpangaji akiwemo humo humo. Vijana wavae reflekta zenye namba, wa namba 12 akikuzingua unajua unamtaja nani. Mzigo usiguswe mpaka mwenye mzigo aseme chukua. Bango la rangi na ubao mmoja wa mbao, fundi yeyote wa Mwanga hapa mjini anaandika kwa siku moja. Mwaloni tunalipia kuingiza mzigo, tunalipia choo, hizo hela hazitoshi kununua kopo la rangi?

Halafu anayetaka kutoa ya chai atoe, hakuna atakayemkataza. Mimi nitakuwa wa kwanza kumpa kijana aliyeweka begi la dawa juu badala ya chini.

Wanaoleta "kama huna hela panda basi": Kalya mnaijua barabara yake masika? Wanaoleta "mwanaume angekuwepo wasingewafanyia hivyo": jirani yangu na misuli yake alitoa elfu nane kwa godoro.

Sasa naomba msaada kwa wanaosafiri ziwani. Walio Kibirizi wanaopanda za Kagunga, mnalipa ngapi kwa gunia, na mnapatana kabla au baada? Wa Kirando, mkishuka usiku kwenye vile viboti vidogo, mzigo mnashushiwa kwa bei gani? Wa Tabora, pale stesheni behewa likisimama na makuli wakavamia dirishani, kuna bei yoyote inayojulikana au ni hii hii ya tutaelewana? Wekeni namba hapa, na mwaka mliolipa. Nikipata za kutosha nazichapa karatasi moja naipeleka mwenyewe kwa uongozi wa mwalo, na jibu watakalonipa nitaliweka hapa hapa chini.