"Key" kwenye kitabu cha mashine ya kusaga: ni kle (ufunguo) gani?

Mwana Katuba: Bandugu, jambo. Kitabu cha mashine ya kusaga mahindi kiko kwa Kiingereza tupu. Ukurasa mmoja: "check the key before fitting the pulley". Mwingine: "key 8×7×40". Kisha "hex key 5". Mota ni ya umeme, kilowati 4, haina ufunguo wa kuwashia. Ninunue kle gani?

Fundi Kamalondo: Usinunue kwanza. Hizo mbili za mwanzo ni klaveti, kile kipande cha chuma kinacholala kwenye mfereji wa shafti ili puli (gurudumu la mkanda) izunguke nayo. 8 ni upana, 7 kimo, 40 urefu, kwa milimita. Pima shafti: klaveti ya 8×7 ni ya shafti yenye kipenyo kinachozidi 22 hadi 30. Mfereji wenyewe wanauita "keyway".

Kifaransa ndicho kinatuchanganya. Sisi ya mlango ni kle, ya kufungulia bulo (bolti) pia kle. Mwingereza ya bulo anaiita "spanner", Mmarekani "wrench". Ila ile ya pembe sita imebaki "hex key" au "Allen key". Yako ya 5 ni ya kukazia skrubu ya puli, mara nyingi M10 (yenye uzi wa milimita 10).

Mwana Katuba: Aksanti papa. Klaveti iliyomo inacheza kidogo. Nipachike bati pembeni?

Turnere wa Kampemba: Hapana! Klaveti hubeba nguvu kwa mbavu zake. Bati litasagika, klaveti itagonga kila mota inapowaka, mfereji utapanuka, na hapo shafti yenyewe itabidi ichomelewe na kuchongwa upya. Chongesha klaveti mpya. Chuma cha ujenzi kilichogongwa bapa hakifai, ubavu haunyooki. Mbavu zibane, iingie kwa kugongwa polepole. Juu ibaki nafasi. Kwa kipimo chako, mfereji wa shafti una kina cha 4, wa puli 3.3, jumla 7.3, na klaveti ni 7. Ikijaa juu inaisukuma puli upande mmoja, mkanda unatetema. Pembe zake zipitishe tupa kidogo, la sivyo hailali chini vizuri.

Mwalimu K.: Kwenye mchoro wa nyaya, kisanduku cha pembeni chenye "key" ni maelezo ya alama. "Press any key" ni kitufe tu, chochote.