Naomba ushauri: namtembelea rafiki anayejitolea kufundisha Kiribati

Ndugu zangu, naomba ushauri wa yeyote aliyewahi kufika Kiribati au visiwa jirani vya Pasifiki. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo anajitolea kufundisha katika shule ya msingi kisiwani Abaiang, kaskazini mwa Tarawa, nami natarajia kumtembelea shule zitakapofungwa. Ndege ya kutoka Nadi, Fiji, hadi Tarawa hainitishi. Kinachonitia wasiwasi ni boti ya kuvukia Abaiang, kwani ananieleza kuwa ratiba yake hufuata hali ya bahari, na huenda nikakwama huko hadi tiketi yangu ya kurudi ikapita. Je, niweke siku ngapi za akiba? Pia, wanafunzi wake hunywa maji ya mvua yanayokingwa kwenye bati la paa, na ukame ukizidi maji ya visima huingia chumvi. Sipendi kuwa mzigo kwa wenyeji wanaomletea samaki karibu kila jioni, hivyo nibebe nini: madaftari na chaki, au mchele na dawa ya kutibu maji? (Kanga nimeshaziweka, hilo halina mjadala.) Mwisho, kwa kuwa huko hutumika dola ya Australia, je, nibadilishe fedha zote kabla sijavuka?