Keto, kufunga saa 16, juisi za detox au kubadilisha sahani ya nyumbani: ipi inadumu?

Binti_Segerea
Wakuu salaam. Naomba tuchambue kwa hoja, si "dada jikaze tu". Ofisini kwetu kila mtu ana njia yake ya kupungua. Bosi yuko keto, yaani mafuta mengi na wanga kidogo sana, hagusi wali wala ndizi. Dada wa mapokezi anafunga saa 16, anakula kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku. Mwingine ananunua juisi za kijani za wiki nzima, eti anatoa sumu. Mimi nyumbani nina mume, watoto na mama mkwe, chungu kimoja. Mchana nakula kwa mama lishe. Sina kisukari wala presha, ila sketi zimeanza kunikataa. Mngekuwa ninyi mngeshika ipi?

Mpemba_wa_Tandika
Keto inapunguza, tusidanganyane. Ila ujue kinachopungua mwanzoni. Mwili unamaliza akiba ya wanga iliyoko kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo imeshika kama gramu tatu za maji. Unakojoa, mizani inashuka, unapiga picha unaposti. Siku ukirudi kwenye pilau, maji yanarudi yote.
Halafu hesabu yenyewe ni kali: kwa kawaida wanga usizidi gramu 50 kwa siku. Sahani moja ya wali wa mama lishe imeshavuka hapo hata maharage hujagusa. Utabaki na mayai, nyama, samaki na parachichi, wakati watoto wanakula ugali mbele yako. Kama mfuko unaruhusu na una moyo, sawa.

Nesi_Mstaafu
Keto ilianza miaka ya 1920 kama tiba ya kifafa, chini ya uangalizi wa madaktari. Leo mtu anaianza kwa kuangalia video ya dakika mbili.
Kuhusu detox, mwanangu usitupe hela. Kazi ya kutoa sumu inafanywa na ini na figo zako, bure. Embe ukilikamua na kulichuja, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio na wewe unakunywa sukari. Na zile chai za kukata tumbo, baadhi zina sanamaki. Bibi zetu waliitumia kufungua choo. Unaharisha, tumbo linakuwa jepesi, mafuta yako palepale.
Jambo moja kwa wanaosoma kimyakimya: kama unatumia dawa za kisukari kama insulini au glibenclamide, usianze kufunga wala keto kabla hujaongea na daktari wako. Sukari inaweza kushuka hadi ukaanguka.

Chuma_cha_Tabata
Mama Nesi nakuheshimu, lakini kufunga msikuponde. Mimi tatizo langu lilikuwa usiku: chips mayai saa tano, soda juu yake. Nilipojiwekea kwamba baada ya saa mbili jiko limefungwa, hiyo mizigo yote ikaondoka. Sina cha kupima wala kuhesabu.

Mpemba_wa_Tandika
@Chuma_cha_Tabata basi kilichokusaidia ni kuacha chips, saa imekuwa geti tu. Sisi tunaofunga Ramadhani tunajua: mchana kutwa hujala, magharibi inaingia tambi, kaimati, viazi vya nazi na juisi ya sukari. Wapo wanaofika Idi kanzu inabana.

Mdau_wa_Lishe
Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa chuo kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya utafiti wa watu 609 kwa mwaka mmoja. Nusu walipunguza wanga, nusu walipunguza mafuta. Wa kwanza walipungua wastani wa kilo 6.0, wa pili 5.3, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Wote waliambiwa wapunguze sukari na unga mweupe, wale mboga kwa wingi na vyakula visivyopita kiwandani. Kwangu ubishi wa keto na wenzake unaishia hapo.
Kwa hiyo @Binti_Segerea, naishika sahani ya nyumbani. Kwa mama lishe sema mapema, kabla hajapakua: "Wali nusu, maharage upawa mzima, mchicha ongeza." Akishajaza mlima utaumaliza, umelipia. Soda ndiyo ya kwanza kuondoka: chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai, na Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema ukibaki chini ya gramu 25 kwa siku, yaani kama vijiko sita, ndiyo bora zaidi. Nyumbani mafuta pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Matembele, kisamvu, dagaa, samaki wa chukuchuku, hivi familia nzima inakula bila kikao.
Profesa Janabi, daktari wa moyo, alipokuwa mkurugenzi wa hospitali ya Muhimbili tulimtengenezea vichekesho kwa kutuhimiza tupunguze kula. Vichekesho vilikuwa vitamu, ila hoja yake sijaona aliyeipangua.

Binti_Segerea
Asanteni. Soda na mama lishe nimeelewa. Ugali ndio mtihani: nilileta dona, mama mkwe akauliza kama tumefilisika.

Nesi_Mstaafu
Usibishane naye, mwanangu. Changanya robo dona, robo tatu sembe, songa kama kawaida. Akizoea ongeza taratibu mpaka nusu kwa nusu. Na nunua kidogo kidogo, dona halikai kama sembe. Kiini cha hindi kina mafuta, unga ukikaa sana unachacha, na akionja huo mchachu hutamrudisha tena.