Arifa ya bure, opozisio (pingamizi) au rangi nyekundu ukutani: nini kinalinda lupango (kiwanja cha nyumba) kweli?

Mwana_Kampemba (Lubumbashi)

Tulinganishe, bila kulalamika. Familia nyingi za hapa zina mali pande mbili: lupango ya wazazi Katuba au Kampemba, na nyumba ya mtoto aliye Marekani au Uingereza. Kule serikali inatoa arifa bila malipo. Karatasi yoyote ikiandikishwa juu ya nyumba yako, unapata barua pepe. Huku tunaandika ukutani kwa rangi nyekundu: LUPANGO HII HAIUZISHWE, ANGALIA ESKRO (tapeli).

Nauliza hivi: arifa zile zinazuia wizi au zinaleta habari tu? Na kwa lupango ya hapa, ni kitu gani kinachokaribia kazi ile? Anayejua atoe hatua zenyewe, tafadhali, si "tafuta avoka (wakili) mzuri".

Tampa_813 (Florida)

Naanza na huku. Tangu tarehe 1 Julai 2024 sheria ya Florida inalazimisha karani wa kila kaunti, anayeandikisha karatasi za nyumba, awe na huduma hii, na ni bure. Unaingia kwenye tovuti ya karani wa kaunti ile nyumba ilipo, unaandika jina la kufuatiliwa au namba ya kiwanja, unathibitisha barua pepe, basi. Karatasi ikiandikishwa kwa jina lile, arifa inakuja ndani ya saa 24.

Lakini hesabu vizuri: saa 24 BAADA ya kuandikishwa. Ni mbwa anayebweka mwizi akisha kuruka ukuta na redio begani. Karani hachunguzi kama saini ni yako. Anaangalia kama karatasi imekamilika: kuna mthibitishaji wa saini (notari), kuna mashahidi wawili, anwani za mashahidi zimeandikwa, ada imelipwa. Ikikamilika, anaandikisha. Hana mamlaka ya kukataa kwa sababu ya wasiwasi.

Kosa kubwa la watu wetu ni jina. Sisi tuna jina, postinomu (jina la pili la asili) na prenomu (kama Jean), na kila ofisi inayapanga inavyotaka. Mtu aitwaye Ilunga Mwamba Jean kwenye hati ya nyumba anaweza kuwa "Mwamba, Jean I." au "Ilunga, Jean M." au "Mwamba Ilunga, Jean". Programu inalinganisha herufi. Ukiandikisha umbo moja tu, mwizi akitumia lingine husikii chochote. Kwa hiyo:

– fungua hati uliyonunulia nyumba, unakili jina lilivyo pale, hata kama lina kosa;
– ongeza mipangilio mingine yote, pamoja na kosa la kawaida la herufi (Illunga, Muamba);
– ongeza namba ya kiwanja, maana yenyewe haina postinomu;
– ongeza jina la mke au mume, na la kampuni kama nyumba iko kwenye kampuni;
– kama nyumba bado iko kwa jina la marehemu, andikisha jina la marehemu. Wezi wanapenda wafu, maana wafu hawasomi barua pepe.

Kila kaunti ni peke yake. Nyumba Hillsborough na kiwanja Polk ni usajili mara mbili. Na kiwanja kitupu ndicho kinachoibwa kwanza kuliko nyumba yenye watu, kwa sababu hakuna wa kumfungulia mlango mnunuzi aulize maswali.

Kuna pia kampuni zinazouza "kufuli la hati" kwa malipo ya kila mwezi. Nyingi zinafanya kazi ileile ya karani. Hazifungi kitu.

Mkatanga_Leeds (Uingereza)

Kaka wa Tampa amesema vema, lakini Uingereza mpangilio ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo jibu la swali la kwanza.

Huduma ya HM Land Registry (ofisi ya serikali ya daftari la ardhi) inaitwa Property Alert. Ni bure, inahusu England na Wales tu, na akaunti moja inafuatilia mpaka nyumba 10. Inafuata nyumba yenyewe, si jina, kwa hiyo shida ya postinomu haipo. Si lazima uwe mwenye nyumba: mtoto anaweza kufuatilia nyumba ya mama yake, na ndugu watatu wanaweza kufuatilia nyumba moja.

Zaidi ya hapo, arifa mara nyingi inakuja KABLA ya jina kubadilika. Mnunuzi wa kweli au wa uongo, kupitia wakili wake, huomba kwanza utafutaji rasmi unaompa kipaumbele cha siku 30 za kazi. Ombi lile ndilo linaamsha arifa. Ukiona utafutaji na wewe huuzi wala hukopi, una siku za kupiga simu.

Hata hivyo arifa haizuii. Kinachozuia ni kizuizi kwenye daftari, fomu ya RQ, bure kwa mtu binafsi asiyeishi mle ndani. Kikiandikwa, hakuna mauzo wala rehani inayoandikishwa bila wakili kuthibitisha kwamba anayeuza ndiye mwenyewe. Fanya yote mawili, na weka anwani tatu za mawasiliano (inaruhusiwa mpaka tatu, mojawapo ya posta, hata ya nje ya nchi). Barua ya onyo ikienda kwenye nyumba ambayo mpangaji anaichana, umefanya kazi bure.

Tampa_813

Yaya (mkubwa wangu) wa Leeds, kweli kizuizi kile huku hatuna. Florida inajibu kwa upande mwingine: hati yenye saini ya kughushi ni batili tangu mwanzo, ila inabaki kwenye daftari kama taka mpaka jaji aisafishe. Kwa hiyo arifa ikija: pakua karatasi siku ileile, soma maelezo ya kiwanja (pengine ni mtu mwingine mwenye jina lako, inatokea sana), andika jina la mthibitishaji na la mashahidi, peleka nakala kwa sherifu, kisha fungua kesi ya kusafisha hati. Karani ana fomu rahisi kwa kesi za udanganyifu wa aina hii. Haraka ina maana moja: kabla mwizi hajaiuza tena au hajachukua mkopo juu yake.

Jeometa_Mstaafu (Lubumbashi)

Sasa turudi nyumbani. Konservateri wa hati za ardhi (mtunza daftari la ardhi) hatumi ujumbe wa simu. Lakini kabla ya kulia, jueni mko na karatasi gani, maana hapo ndipo wengi wanajidanganya.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa 1980, kifungu cha 219: haki inathibitishwa kisheria na sertifika ya kuandikishwa tu. Fiche parcellaire (karatasi ya kiwanja) ya komini (manispaa) si sertifika. Karatasi ya mauzo yenye muhuri wa sefu wa kartie (mtaa) si sertifika. Risiti za kodi ni alama nzuri, lakini si sertifika. Mtu mwenye fiche peke yake hana cha kufuatilia kwa Konservateri, kwa sababu pale hayupo. Kwake yeye ulinzi wa kwanza ni kumaliza andikisho.

Sertifika inatengenezwa mara mbili. Moja inabaki ofisini kama ukurasa wa kitabu cha maandikisho, nyingine unapewa wewe. Juu yake kuna volimu na folio, ndiyo anwani yake ndani ya kitabu. Wizi mwingi unapita kwenye nafasi kati ya karatasi hizi mbili: mtu anaapa kwamba ya kwako imepotea, anaomba mpya, na wewe uliyefungia ya kwako kabatini hujui kwamba kule ofisini ukurasa umeshapigwa mstari.

Kwa hiyo arifa yetu inatengenezwa kwa miguu. Mara mbili kwa mwaka:

1. Andika barua kwa Konservateri wa sirkonskripsio (eneo la ofisi) inayohusika, ukitaja namba ya kadasta (vipimo vya ardhi), volimu, folio na komini. Uliza mambo manne: nani ameandikwa leo, kuna hipoteki (rehani), kuna opozisio, kuna ombi la mutasio (kuhamisha jina) au la sertifika mpya.
2. Peleka nakala mbili. Usiondoke bila muhuri wa kupokelewa, tarehe, namba na saini kwenye nakala yako. Barua isiyo na muhuri haikuandikwa.
3. Ada yoyote ilipwe benki kwa karatasi ya malipo ya DGRAD (ofisi ya serikali ya mapato). Ukilipa mkononi, hutapata risiti, na bila risiti jibu lile huwezi kulitumia mbele ya jaji.
4. Linganisha jibu na sertifika yako herufi kwa herufi. Kisha linganisha kroki (mchoro wa kiwanja) na ardhi.

Hatua hii ya mwisho watu wanairuka. Simama kwenye kila jiwe la mpaka, piga picha yenye tarehe, soma kipimo cha mahali kwenye simu. Lupango moja inaweza kuzaa sertifika mbili zenye namba tofauti baada ya eneo kugawanywa upya, na kitabu kinaonyesha zote ni safi! Kroki mbili zikiwekwa moja juu ya nyingine ndipo unaona zinalaliana.

Avoka_wa_Kenya (Lubumbashi, komini Kenya, si Nairobi)

Papa Jeometa amefungua njia. Naongeza kwa nini hapa kuchelewa kunauma kuliko Florida. Kifungu cha 227: haki zilizomo ndani ya sertifika haziwezi kushambuliwa, anayelalamika anabaki na kesi ya fidia. Kule hati ya kughushi ni taka tangu mwanzo. Hapa mutasio ikipita na mnunuzi akipewa sertifika, unaanza kupigana na karatasi yenye nguvu ya sheria. Kwa hiyo kujua baada ya tendo hakutoshi.

Opozisio. Barua ya avoka kwenda kwa Konservateri, "tunapinga mutasio yoyote", inamjulisha, na baadaye hawezi kusema hakujua. Kinachomfunga mkono ni ordonansi (amri) ya jaji inayoandikwa kwenye ukurasa wenyewe. Ordonansi ina mwisho wake. Andika tarehe ile mahali utakapoiona, omba nyingine kabla, kwa sababu wauzaji nao wanaisoma na wanangoja.

Urithi ndilo tundu kubwa kuliko yote. Baba amekufa, sertifika bado jina lake, watoto sita, mmoja ana pveo (muhtasari wa kikao) ya baraza la familia yenye saini sita, tatu kati yake za watu walio nje ya nchi. Dawa si opozisio ya milele. Dawa ni kupata uamuzi wa tribinali unaowatambua warithi wote na kufanya mutasio kwa majina yote sita. Mnunuzi mwenye akili akiona majina sita anatafuta saini sita.

Kwa parke (ofisi ya mwendesha mashtaka): anayeuza nyumba isiyo yake ni stelionati, kifungu cha 96 cha sheria ya jinai (kodi penali) kitabu cha pili. Karatasi ya uongo ni faux, kifungu cha 124. Shitaki yote mawili, na uombe sertifika ya mwizi ikamatwe. Lakini penali haikurudishii kitabu. Kesi ya sivili iende sambamba.

Fundi_Rangi (Katuba)

Na ukuta? Mnaucheka.

Avoka_wa_Kenya

Siucheki, mukubwa. Mbele ya Konservateri hauna thamani. Mbele ya jaji unasaidia: mnunuzi aliyepiga picha nyumba yenye maneno yale hawezi kuniambia alinunua kwa nia safi. Andika upande wa barabara, herufi za sentimeta 30, na usiweke namba ya simu, maana komisioneri (dalali) anaipiga ili ajue kama mwenyewe yuko nchini.

Jeometa_Mstaafu

Na upake tena kabla ya mvua za Novemba. Maandishi yaliyofifia yanasema nyumba haina mtu.

Mwana_Kampemba

Asanteni, ba papa na ba yaya. Nimeelewa hivi: Leeds ni arifa pamoja na kizuizi, Tampa ni arifa na mbio, hapa ni barua yenye muhuri mara mbili kwa mwaka na mutasio ya urithi kwanza. Swali moja limebaki. Ndugu aliye nje anamwachia mdogo wake prokirasio (barua ya uwakilishi) "ya mambo yote" ili ashughulikie hayo. Ni sawa?

Avoka_wa_Kenya

Hapana. Prokirasio ya jumla ndiyo funguo ya mlango. Iwe maalumu: itaje volimu na folio, iseme kazi moja moja (kuuliza hali ya lupango, kulipa kodi ya serikali, kukusanya pango kwa wapangaji), iandike wazi "bila uwezo wa kuuza, kutoa hipoteki wala kuomba sertifika mpya", na iwe na tarehe ya mwisho, miezi 12. Ukiifuta, peleka barua ya kufuta kwa notari NA kwa Konservateri, zote zenye muhuri. Kumwambia mdogo wako kwenye WhatsApp kwamba umeifuta hakumfikii anayeshika kitabu.

Mkatanga_Leeds

Na picha ya sertifika isitumwe kwenye grupu ya familia ikiwa wazi. Mpangaji au komisioneri akitaka kuona, funika volimu, folio na saini kwa kidole kabla ya kupiga picha. Namba zile ndizo anazohitaji mtu wa kuapa kwamba imepotea.

Jeometa_Mstaafu

Kwa kidole hapana, yaya. Kidole kinateleza. Weka kipande cha karatasi.