Bayeri (mwenye nyumba) anapandisha bei, bwana anataka tununue parseli (kiwanja) Kasungami kabla ya mwisho wa mwezi. Mnishauri

MamaDorcas_Bongonga

Jambo kwenu wote. Naandika kwa sababu nyumbani hatusikilizani tena, na jambo lenyewe lina tarehe.

Tunapanga Bongonga, hapa Lubumbashi, vyumba viwili na sebule, choo cha ndani, maji ya Regideso yanayokuja usiku yakitaka. Tunalipa dola 150. Jumapili bayeri alikuja baada ya misa, mpole kuliko kawaida yake, nikajua kuna neno. Kuanzia mwezi ujao anataka 250, na garanti (pesa ya dhamana) iongezwe ilingane na bei mpya. La sivyo tumwachie nyumba yake mwezi ukiisha. Asema ana mtu tayari, kijana wa mgodi ambaye kampuni inamlipia miezi sita kwa mara moja. Bwana yangu naye anafanya kazi mgodini, lakini ni dereva wa kampuni ndogo iliyopewa kazi na kampuni kubwa, kontra (mkataba) ya miezi mitatu mitatu. Mimi nashona. 250 hatuiwezi.

Tumetembea kutafuta. Kamalondo, chumba na sebule ni bei ya nyumba tunayokaa sasa. Katuba na Kenya, komini za hapa hapa mjini, nyumba zinapatikana, ila choo ni cha kuchangia na familia nne, na cherehani yangu sijui nitaiweka wapi. Komisionere (dalali) anataka pesa ya kutembea hata kabla hajainuka kwenye kiti, halafu ukipata nyumba umpe ya mwezi mzima. Jumlisha na garanti mpya na gari la kuhamisha vitu. Ndipo bwana alipopiga hesabu akasema pesa hiyo yote ni mwanzo wa parseli.

Ameshaonyeshwa moja, Kasungami, mita 20 kwa 25. Kuta zimefika juu ya madirisha, hakuna paa. Muuzaji anataka dola 3,500, nusu sasa hivi. Karatasi alizo nazo ni fishi (kadi) ya parseli kutoka kartie (ofisi ya mtaa) na barua ya mauzo. Na kuna wanunuzi wengine wawili, asema, tusichelewe. Tuna akiba ya bwana, likelemba yangu (mchango wa pesa wa kupokezana) inafika zamu mwezi ujao, na garanti yetu ya miezi mitano ikirudishwa.

Tununue, au tuhamie Katuba tukavumilie? Watoto wako katikati ya mwaka wa masomo.

YayaTito_Kampemba

Mama Dorcas, pole. Kwanza tuliza moyo, kwa sababu hiyo tarehe ya mwisho wa mwezi ni ya bayeri peke yake. Sheria haiitambui.

Kuna sheria namba 15/025 ya tarehe 31 desemba 2015, inayohusu nyumba za kupanga. Garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Mlitoa mitano, na ndivyo karibu kila mtu anavyotoa hapa Lubumbashi, lakini ujue mahali mstari ulipo siku mtakapokaa mezani. Akitaka kuwatoa, awape preavi (taarifa ya kuhama) ya miezi mitatu. Kuambiwa kwa mdomo jumapili mlangoni si preavi.

Mna kontra ya maandishi?

MamaDorcas_Bongonga

Hapana, yaya. Tuna kaye (daftari) tu. Kila mwezi anaandika amepokea kiasi gani na kutia sahihi. Garanti pia iliandikwa humo, ukurasa wa kwanza.

YayaTito_Kampemba

Kaye hiyo itunze kuliko televisheni. Piga picha kila ukurasa leo hii, utume kwa mtu mwingine. Kisha nendeni kwenye ofisi ya Habitat (idara ya nyumba) ya komini, waeleze. Wao huita pande zote mbili kuzungumza kabla jambo halijafika tribinali (mahakama), na mabayeri wengi hulegea wakipokea ile karatasi ya mwito. Jambo moja tu: mwezi huu mlipe kama kawaida, siku ya kawaida, na mwaka wote. Ukiwa na deni, maneno yako yote yanakuwa mepesi.

MjaneWaKatuba

Mimi ni bayeri, msinirushie mawe. Baada ya mzee kufa nilibaki na nyumba mbili ndogo nyuma ya parseli, ndizo zinalipa masomo. Lokatere (mpangaji) anaingia na miezi mitatu ya garanti, anakaa miezi minane bila kulipa, na ukitaka kumtoa unaanza safari za ofisi, kila mlango una bei yake. Serikali nayo inataka kodi yake juu ya pesa ya nyumba. Paa likivuja anayeitwa ni mimi. Na mwaka 2025, faranga ilipopanda ghafla mbele ya dola, sisi tunaopokea dola tulienda nazo sokoni tukarudi na kikapu chepesi, maana unga haukushuka bei kama dola ilivyoshuka. Kwa hiyo wakipandisha, si uchu peke yake.

Lakini mwanangu Dorcas, nikuambie siri ya kwetu. Huyo “mtu tayari” kila bayeri anaye. Mimi pia nimewahi kuwa naye, na hakuwahi kuzaliwa. Hata akiwepo kweli, kijana wa kampuni hukaa hadi kontra yake iishe, kisha nyumba inabaki tupu na bayeri analipa mlinzi. Lokatere anayelipa tarehe ile ile kila mwezi hatupendi kumpoteza, hata kama hatusemi. Mwende wawili, wewe na bwana, mpeleke 180 na ahadi ya kulipa miezi miwili mbele. Msiende na hasira ya sheria mkononi siku ya kwanza. Sheria ibaki mfukoni.

YayaTito_Kampemba

Mama, kwenye mfukoni tunakubaliana. Lakini huyo bayeri ameshashika miezi mitano. Akitaka nyongeza yoyote juu ya garanti, hapo wasikubali hata senti.

Fundi_Kalebuka

Wote mnamfundisha kubaki lokatere vizuri. Mimi nasema anunue. Si lazima hiyo, lakini anunue. Nilipofika Kalebuka watu waliniuliza kama naenda kuishi na fisi. Leo parseli ya jirani yangu, ambayo haina hata ukuta, inauzwa bei ambayo mimi siiwezi tena. Mji unasogea kila mwaka: Luwowoshi, Kisanga, Munua, kote kulikuwa mashamba. Anayengoja apate pesa ya kutosha, anakuta bei imemtangulia.

Niliingia nyumba bila madirisha, nimeziba na mbao za paleti na bashi (turubai). Mke alilia wiki ya kwanza. Lakini hakuna mtu aliyenigongea mlango jumapili tangu siku ile.

Sasa kuhusu hiyo ya Kasungami, bwana atazame mambo ya kazi yangu. Kuta zimekaa bila paa mvua ngapi? Watu wengi hapa wanajenga kwa matofali ya kuchoma ila wanayaunganisha na udongo, saruji wanaiweka mwishoni ikibaki pesa. Ukuta kama huo ukinyeshewa misimu miwili bila paa, udongo wa katikati unatoka, unanunua matofali yaliyosimama kwa mazoea. Achukue msumari, aupitishe kwenye kiungo cha chini. Ukiingia kama kwenye ugali, bei ya kuta itoke kwenye 3,500, ibaki bei ya kiwanja.

Na je, kuna kichuguu ndani ya parseli? Msicheke. Kichuguu kikubwa ni matofali ya bure. Udongo wake ndio bora kwa kuchoma, mafundi watakuja wenyewe kukuomba mgawane.

Jeometa_Ruashi

Fundi ameongea kuta, mimi niongee karatasi, kwa sababu hapo ndipo pesa za watu zinapozama.

Kwa sheria ya ardhi ya 1973, ardhi ni ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu: sertifika ya kuandikishwa, ile inayotolewa na konsevateri wa hati za ardhi. Ikishatimiza miaka miwili bila mtu kwenda kuishitaki, sheria inasema haishambuliwi tena. Fishi ya kartie haiko kwenye kundi hilo. Inaonyesha tu kwamba sefu (mkuu) wa kartie anamjua fulani kwenye parseli fulani, na sefu akibadilika, kumbukumbu zinaweza kubadilika pia. Simaanishi mtu asinunue yenye fishi. Ingekuwa hivyo, nusu ya Annexe, komini ya pembeni mwa mji, ingekuwa msitu. Namaanisha bei yake iwe ya fishi, na ubaki na pesa ya kutafuta hati.

Kabla ya kutoa hata dola mia, bwana aende kadasta (ofisi ya vipimo vya viwanja) na namba ya parseli, aulize kama kiwanja kipo kwenye ramani na kwa jina la nani. Kuna maeneo ya pembeni yaliyouzwa na machifu wa kienyeji, na mengine yako ndani ya konsesioni ya kampuni, yaani ardhi iliyopewa kampuni. Wanajenga, wanaishi, halafu siku moja inakuja tingatinga. Akikuta Serikali ilishatoa kontra ya miaka mitatu ya mwanzo kwa mtu, aulize ni mtu gani na kama muda umepita bila kujenga.

Na swali ambalo wanunuzi husahau kuuliza: muuzaji aliipataje? Kama aliinunua, karatasi ya aliyemuuzia iko wapi. Kama ni urithi, ndugu zake wako wapi. Kama ana mke, mke atie sahihi. Mnafikiri zile kuta zilizoandikwa kwa rangi “Parcelle à ne pas vendre” ziliandikwa kwa ajili ya mapambo? Karibu kila moja ina kaka mkubwa nyuma yake.

Kadogo_wa_Kenya

Mama, miye nasema hivi: akikuambia kuko batu babili bengine, muache abauzishie bale. Hapa banauzishaka parseli moya ku batu batatu, kila mutu na karatasi yake, sahihi ni ile ile. Njo vile beko banafanya hii miaka. Feza yako isitoke mbio.

BintiWaGoma

Natoka mbali kidogo na mada lakini mniruhusu. Huku Goma, Nyiragongo ilipolipuka mwezi wa tano 2021, waliounguliwa nyumba upande wa Buhene walikuja wote kutafuta vyumba, na mabayeri wakajua hivyo. Nilichokiona: waliokimbilia kununua wakati ule ule wakiwa na watoto na magodoro nje, walinunua vibaya. Waliobanana kwa ndugu kwanza, wakanunua baadaye, walichagua. Dada Dorcas, mmechanganya mambo mawili. Bayeri amekupa wiki tatu, muuzaji naye amekupa wiki hizo hizo, na bwana ameziona kama jambo moja. Tengeni.

Tena huku wengi wanaanza na nyumba ya mbao juu ya mawe ya lava. Ukipata kiwanja kingine, unabomoa, unabeba mbao zako. Sijui kama Lubumbashi watu wanafanya.

Fundi_Kalebuka

Hapa ukijenga ya mbao mchwa watakuwa mabayeri wako.

MamaDorcas_Bongonga

Nimecheka hadi bwana akauliza nasoma nini. Nimempa simu asome mwenyewe, amenyamaza muda mrefu.

Habari mpya. Kwa bayeri tulienda wawili, kama Mama wa Katuba alivyosema. Hatukutaja sheria hadi alipotaja garanti tena. Hapo bwana akasema tu kwamba yuko tayari tukaongee pamoja Habitat. Alibadilika uso. Tumekubaliana 180, miezi miwili mbele, garanti ibaki ilivyo, na imeandikwa kwenye kaye mbele ya sefu wa avenyi (barabara yetu). Anasema baada ya mwaka wa masomo tutaongea upya. Najua maana yake.

Kwa parseli: kadasta namba ipo, kiwanja kimepimwa, hakiko ndani ya konsesioni. Kwa jina la marehemu baba wa muuzaji. Tulipouliza, muuzaji akasema yeye ndiye mkubwa. Tukauliza tena, akasema ana dada wawili, wako Kipushi, “hao wameolewa”. Bwana alipiga simu kwa dada mmoja. Hakujua kama parseli inauzwa. Hakukataa, ila anataka sehemu yake mkononi siku ya kutia sahihi, na mdogo wake pia. Muuzaji sasa amekasirika na anasema bei ni 4,000.

Jeometa_Ruashi

Aliyeolewa ni mtoto wa baba yake vile vile. Watoto wote wanarithi, wa kike na wa kiume, hilo halina mjadala.

Hapo hamjapoteza, mmepata. Sasa mnajua watu watatu ambao lazima wakae chumba kimoja. Msikubali 4,000. Ugomvi wa kugawana ni wao, wagawane 3,500. Siku ya kulipa iwe kwa notere (mthibitishaji wa mikataba), wote watatu na vitambulisho, na kila mmoja aandike amepokea ngapi. Msitoe nusu kwa kaka leo ili “akawatulize dada zake”. Bakizeni sehemu ya mwisho mpaka faili ya kubadilisha jina iingie kwa konsevateri.

MjaneWaKatuba

Na likelemba yako, mwanangu, usimwambie muuzaji inafika lini.

Fundi_Kalebuka

Bwana aliupitisha msumari?

MamaDorcas_Bongonga

Aliupitisha. Upande wa mbele ni saruji, upande wa nyuma uliingia wote.

Fundi_Kalebuka

Basi ukuta wa nyuma mtauvunja, msiuhesabu kwenye bei. Kasungami ina sehemu zenye dambo (bonde linalotuama maji), kwa hiyo nendeni siku mvua imenyesha usiku kucha, asubuhi mapema, muone maji yamelala wapi. Nitakuwa huko jumamosi kwa kazi nyingine. Bwana akinipigia nitapita na mita, sitaki pesa ya kutembea.