Wakala wa udhamini wa Marekani, ile F ya Hisabati uliiona ukanyamaza!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Mdogo wangu anakimbia mita 5,000. Alianza kuonekana UMISSETA, akamaliza kidato cha nne 2021 na F ya Hisabati. Simfichi, hesabu zilimshinda. 2023 akatokea wakala: kuna kocha wa chuo Marekani anamtaka, ada bure, chumba bure, msosi bure. Akatutajia na Suleiman Nyambui, Mtanzania mwenzetu aliyekuwa akikimbia kwa chuo cha El Paso kule Texas na kupata medali ya fedha Olimpiki ya Moscow 1980. Mama akalia kwa furaha. Cheti kikawekwa mezani, wakala akakipiga picha kwa simu yake mwenyewe.

Sasa sikieni. Vyuo vile viko chini ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na NCAA inakagua vyeti kabla mchezaji hajavaa jezi. Divisheni ya kwanza, ngazi ya juu kabisa, wanataka masomo 16 ya msingi ya sekondari, wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4. Hisabati lazima iwemo, na F haihesabiwi. Mimi seremala nimeyasoma haya jioni moja kwa bando la mia tano. Yeye ambaye ndiyo kazi yake hakuyajua?

Halafu kuna hili linaloniuma zaidi. Kwa kanuni za wakati ule, ukimaliza sekondari ulikuwa na mwaka mmoja tu wa kushindana nje ya chuo. Ukipita, kila mwaka wa mashindano ulikula msimu mmoja kati ya ile unayoruhusiwa kukimbilia chuo. Na huyuhuyu wakala ndiye alikuwa anamwambia, "Piga mbio za barabarani dogo, kocha aone muda wako."

Mkataba wake je? Asilimia 10 ya thamani ya udhamini! NCAA hawataki kabisa malipo ya namna hiyo. Anayelipwa kwa asilimia wanamhesabu kuwa wakala wa mchezaji, na mchezaji anaweza kufungiwa kwa hilo peke yake. Yaani hata dogo angekuwa na A saba, karatasi aliyosainishwa na "msaidizi" wake ingetosha kumzamisha.

Julai 2024, barua pepe ya mistari mitatu: hajapitishwa. Kocha naye simwachi. Anawaita vijana wanane, wakipita wanne kwake msimu umeenda. Sisi tulishauza ng'ombe watatu.

Na vipo vyuo vya miaka miwili kulekule, masharti ya kuingia mepesi, wakimbiaji wengi wa Afrika wamepitia huko kabla ya kuhamia vyuo vikubwa. Hakuna aliyetutajia. Labda asilimia yake huko ni ndogo.

Dogo ana miaka 22, anabeba zege Babati. Viatu vya mbio kampa mtoto wa jirani.

Wewe wakala, najua unapita humu. Sikutaji jina leo. Hela ya ng'ombe irudi.